Tangi la maji la bati la mm 0.6: nichomelee, nipige riveti au nikunje?

karakana_ndogo aliuliza:

Habari zenu wakuu. Naomba msaada kwa wanaofanya kazi ya bati kila siku.

Nataka kutengeneza tangi dogo la duara la kukingia maji ya mvua. Kipenyo sm 60, kimo sm 90. Bati ninalo tayari, ni lile lililopakwa zinki, unene mm 0.6. Maji yatakuwa ya kunywa baada ya kuchemshwa, kwa hiyo suala la usalama wake nalo linanihusu.

Nilimpelekea mchomeleaji vipande viwili vya majaribio. Vimerudi na matundu mstari mzima, na pale paliposhika bati limejipinda na zinki imeungua upana wa kidole kila upande. Mwingine ananishauri nipige riveti (vipini vya metali vinavyobana mabati mawili kupitia matundu) na kumalizia kwa silikoni. Wa tatu anasema tangi la bati ni la kukunja na kulehemu (kuziba mshono kwa metali laini iliyoyeyushwa kwa pasi ya moto), mengine yote ni kupoteza muda. Kila mmoja anaongea kwa uhakika, nami sijui nimfuate yupi na kwa sababu gani.

Vifaa nilivyonavyo: drili, mkasi wa bati, nyundo ya chuma na ya mbao, bunduki ya riveti, grenda. Pasi ya kulehemu sina lakini naweza kuazima.

hewa_safi alijibu:

Piga riveti mkuu. Mm 4, kila baada ya sm 3, silikoni katikati ya tabaka mbili, umemaliza. Mimi nafunga njia za hewa za majengo, riveti na skrubu ndizo kazi yangu, na hazijawahi kuniangusha. Kukunja kunahitaji mkono uliozoea.

nyundo_ya_mbao alijibu:

Ndugu karakana_ndogo, kabla ya kuchagua njia ya kuunga, jiulize kwanza kiungo chako kitabeba nini. Watu wengi hukimbilia nguvu. Kwenye tangi la ukubwa huo nguvu wala si tatizo. Maji ya kimo cha sm 90 yanasukuma ukuta wa chini kabisa kwa takriban kilopaskali 9. Ukiipigia hesabu na kipenyo chako, mshono wa ubavuni unavutwa kwa uzito wa kama kilo 270 kwa kila mita ya urefu, tena huko chini tu. Ukipanda juu mvuto unapungua mpaka kwisha. Bati la mm 0.6 linabeba hayo bila shida, na mshono uliokunjwa vizuri vilevile.

Kinachoua matangi ya bati ni kuvuja na kutu. Kwa hiyo kila njia ipime kwa mawili hayo: inaacha wapi pa maji kupita, na inafanya nini kwa zinki?

Tuanze na kuchomelea, maana majaribio yako yamekuonyesha mengi. Chuma cha bati kinayeyuka karibu na nyuzi 1,500 za Selsiasi. Zinki inayeyuka kwenye nyuzi 420 na kuchemka kwenye 907. Maana yake ni kwamba kabla chuma hakijalainika, zinki imeshageuka mvuke, na mvuke huo unatoka kupitia kwenye chuma kilichoyeyuka na kukirusha. Ongeza hapo kwamba rodi ya mm 2.5, inayotumika kila mahali, inataka ampea 60 hadi 90, na moto huo kwa bati la mm 0.6 ni wa kutoboa. Mchomeleaji wako si lazima awe fundi mbaya. Alipewa kazi isiyolingana na mashine yake. Mwenye MIG, mashine ya kuchomelea inayojilisha waya yenyewe, na waya wa mm 0.6 anaweza kuliunga bati hilo kwa kugusa na kuachia, nukta moja huku, nyingine kule, ili joto lisikusanyike mahali pamoja. Hata hivyo zinki itakuwa imekwenda. Bati la daraja la Z275 lina gramu 275 za zinki kwa mita ya mraba ukijumlisha pande zote mbili, yaani kama mikroni 20 tu kila upande. Huo ndio ulinzi wote ulionao. Ukiuchoma kwa ndani ya tangi, umeanzisha kutu mahali ambapo hutapaona mpaka siku litakapovuja.

Na moshi wake, tafadhali, usiuvute. Mvuke wa zinki ukishapoa hewani unakuwa vumbi jeupe laini sana, na ukilivuta, saa chache baadaye unapata homa, baridi, kichwa na maumivu ya viungo kama mgonjwa wa malaria. Kwa kawaida inaisha ndani ya siku moja au mbili. Mafundi huambiana wanywe maziwa. Maziwa hayazuii chochote, maana moshi umeingia mapafuni. Kinachozuia ni kuondoa zinki kwenye kingo kabla ya kuchomelea, kufanyia kazi nje, kukaa upande upepo unakotoka na kuvaa barakoa ya moshi wa metali.

Riveti. Ndugu hewa_safi yuko sahihi kwa kazi yake, na nina heshima kubwa kwa riveti. Haziharibu zinki kwa joto, hazihitaji umeme mwingi, na zinashika upande ambao mkono wako haufiki. Kwa boksi, kwa njia ya hewa, kwa kifuniko, kwa bawaba, mimi mwenyewe sichukui kitu kingine. Kanuni zake ni fupi: riveti ya mm 4 itobolewe kwa keekee ya mm 4.1, kitovu cha tundu kisiwe karibu na ukingo chini ya mara mbili ya kipenyo, yaani mm 8, na urefu wake uchaguliwe kwa unene wa bati zote mbili pamoja. Ukiunga bati jembamba na nene, kichwa kikae upande wa jembamba.

Lakini hebu lihesabu tangi hili. Mzingo wake ni mm 1,885. Kila sm 3 riveti moja, chini peke yake ni riveti 63, ubavuni nyingine 30. Hayo ni matundu zaidi ya 90 uliyoyatoboa kwa hiari yako kwenye chombo cha maji. Na riveti ya kuvuta ya kawaida ina uwazi katikati, pale msumari wake ulipokatikia. Maji yanapita humohumo. Zipo zilizozibwa upande wa ndani, na kama ni lazima upige riveti kwenye maji tumia hizo. Silikoni nayo ichague kwa pua: ile yenye harufu ya siki inatoa asidi wakati inakauka, na asidi hiyo inakula zinki. Chukua isiyo na asidi, na hakikisha kopo linasema inafaa kwa maji ya kunywa. Hata hivyo, tangi ambalo kuziba kwake kote kunategemea silikoni litakurudisha kazini.

Sasa kukunja na kulehemu. Hii ndiyo njia ya tangi lako, na nitakueleza kwa vipimo vyako mwenyewe.

Mshono wa ubavuni: tumia mkunjo wa upana wa mm 6. Mkunjo wa kushikana hula bati mara tatu ya upana wake, kwa hiyo ongeza mm 18 juu ya mzingo. Kata karatasi ya mm 1,903. Kimo kata mm 916: 900 zako, 6 za ukingo wa chini, na 10 za kuzungushia waya wa mm 4 mdomoni juu, maana waya unataka mara mbili na nusu ya kipenyo chake. Usiuache huo waya. Bila waya mdomo wa tangi utacheza, na kila ukicheza mshono unavutwa na kulegea.

Ukingo mmoja ukunje kwenda juu, mwingine kwenda chini, mm 6 kila mmoja, uache mkunjo wazi kiasi cha unene wa bati. Viringisha karatasi, vikumbatishe hivyo vikunjo viwili, uvilaze juu ya bomba nene la chuma, kisha gonga kwa nyundo ya mbao. Hapa wengi huishia, na hapa ndipo mshono unapochomoka baadaye. Lazima uubane pembeni, urefu wote, kwa kipande cha chuma chenye mfereji wa upana kidogo kuliko mkunjo, ili bati lishuke hatua moja kando ya mshono. Hatua hiyo ndiyo kufuli. Ukipitisha kucha utaisikia: upande mmoja wa mshono bati limeshuka, upande wa pili limenyooka. Usipoisikia, mshono bado haujafungwa, hata kama kwa macho unapendeza. Bana ncha mbili kwanza, halafu katikati, ndipo ujaze zilizobaki.

Kulehemu: usitumie pasi ndogo ya redio. Unataka pasi yenye kichwa kizito cha shaba, kwa sababu bati linanyonya joto kwa haraka. Na kwa kuwa maji ni ya kunywa, lehemu isiwe na risasi hata kidogo. Ile ya stani (metali laini ambayo nayo huitwa bati, si karatasi yako) 60 kwa risasi 40 ni tamu kutumia, inaanza kuyeyuka kwenye nyuzi 183, lakini haifai hapa. Marekani ilipiga marufuku mwaka 1986 kuungia mabomba ya maji ya kunywa kwa lehemu yenye risasi, na sababu yake, yaani sumu ya risasi kuingia majini, inahusu tangi lako vilevile. Chukua ya stani na shaba, ile ya asilimia 99.3 kwa 0.7; inayeyuka kwenye nyuzi 227. Utaona ni nzito kidogo kutiririka, basi pasi iwe na moto wa kutosha na mkono uende polepole.

Futa mafuta, paka kwenye mshono dawa ya kloridi ya zinki, inayosafisha bati ili lehemu ishike, lehemu nukta chache ili usicheze, ndipo uanze safari. Weka uso wote wa pasi juu ya bati, si ncha tu. Gusa lehemu kwenye bati, mbele kidogo ya pasi. Bati likiwa na joto sawasawa utaona lehemu imeacha kuwa tone, ikalala na kuingia yenyewe ndani ya mkunjo, na ukingo wake ukawa mwembamba ukapotea kwenye zinki. Ikibaki imevimba kama shanga, joto halikutosha na haijashika. Usiongeze lehemu juu yake. Ongeza joto.

Ukimaliza, osha hapohapo kwa maji ya moto yenye soda ya kuokea, halafu kwa maji safi mara kadhaa. Dawa iliyobaki inavuta unyevu na kula bati usiku na mchana. Nimeona kazi nzuri za kulehemu zikioza kando ya mshono, lehemu yenyewe ikiwa nzima, kwa sababu tu hakuna aliyeosha.

rangi_na_mbonyeo alijibu:

Kuna njia moja haijatajwa, ile ya kubana kwa ncha mbili za shaba na kupitisha umeme, nukta kwa nukta. Sisi wa bodi za magari ndiyo tunayoishi nayo. Gari moja lina nukta maelfu. Bati la mm 0.6 inaliunga bila kulitoboa, na alama yake ni kiduara kidogo tu. Kwa nini asiitumie kwa tangi?

nyundo_ya_mbao alijibu:

Ni njia nzuri sana, mkuu, na kwa bodi ya gari haina mpinzani. Kwa tangi shida ni ileile ya riveti: inashika kwa nukta, na kati ya nukta na nukta pana upenyo. Ndiyo maana hata ninyi mnapaka ute wa kuzibia juu ya mishono ya gari. Na kwa bati la zinki ncha za shaba zinachafuka upesi, inabidi kuzisafisha mara kwa mara. Ipo mashine ya magurudumu inayounganisha nukta mpaka zikawa mstari usiopitisha maji, na viwanda huunga matangi kwayo, lakini hiyo si ya karakana ndogo.

karakana_ndogo aliandika:

Asante sana wakuu, hasa nyundo_ya_mbao. Nimeamua kukunja. Jana nimejaribu mshono kwenye kipande cha sm 30 na hiyo hatua ya kufuli nimeisikia kwa kucha. Maswali matatu yamebaki. Kitako nakiungaje? Bomba la kuchotea, naambiwa liwe la shaba, je, lina madhara kwa zinki? Na kifuniko nina bati la aluminiamu, linaweza kukaa juu ya hili?

nyundo_ya_mbao alijibu:

Vizuri sana. Ukiisikia hatua umepita sehemu ambayo wengi huikosa.

Kitako. Ukingo wa chini wa ubavu upinde kwenda nje, mm 6, mpaka ulale kama ukingo wa kofia. Sahani ya kitako ipinde ukingo wake kwenda juu, mm 5 hivi, ili ikumbatie ukingo ule bila kugonga ukuta. Kwa kipenyo chako sahani ikatwe karibu mm 623 au 624: 600, jumlisha 12 za kingo mbili, jumlisha 10 za kupinda, na nafasi ndogo ya kuingilia. Kisha funika mkunjo wa sahani juu ya ukingo, halafu mshono wote uinue ulale ubavuni. Siri iko kwenye kugonga. Zunguka duara zima ukipinda kidogo tu, zunguka tena, zunguka tena. Ukitaka kumaliza kona moja kabla ya kwenda nyingine, ukingo wa ubavu utapasuka kwa kunyooshwa na wa sahani utafanya makunyanzi.

Sasa nisikilize kwa makini kwenye sehemu moja: pale mshono wa ubavuni unapokutana na kitako. Mshono wa kukunja una tabaka nne za bati. Ukizipinda nne hizo kwenda nje, kisha uzifunike na sahani, unapata nundu ambayo nyundo haiwezi kuibana, na kando ya nundu kila upande panabaki kijitundu cha pembe tatu. Tangi la bati likivuja, mimi naanza kuangalia hapo. Dawa yake inafanywa mapema, karatasi ikiwa bado imelala mezani: kwenye pembe za chini, kata ule ukanda wa mkunjo wa mm 6 kwa kimo cha mm 8 kutoka chini, pande zote mbili. Ukishakunja, hapo chini zitabaki tabaka mbili zilizolaliana tu, na zinapinda kwa utii. Usilehemu sehemu hiyo kabla ya kuipinda, lehemu itapasuka. Pinda, funga kitako, halafu lehemu, na hapo ongeza lehemu ya kutosha kujaza.

Kitako kilehemu kwa ndani. Laza tangi ubavu, sehemu unayolehemu iwe chini kabisa, na liviringishe kadiri unavyoendelea ili lehemu ikae pembeni kwa uzito wake. Refusha mpini wa pasi. Usiingize kichwa ndani ya tangi. Moshi wa dawa ile una asidi na hauna pa kwenda. Na usilisimamishe tangi juu ya mawe matatu. Likijaa lina lita kama 250, kilo 250 juu ya bati jembamba, kwa hiyo kitako chote kilalie ubao au zege lililo sawa.

Kuhusu shaba: swali lako ni la maana kuliko unavyodhani. Metali mbili zikigusana penye maji, moja inaliwa kwa ajili ya nyingine, na kati ya zinki na shaba inayoliwa ni zinki. Mfano mkubwa unaojulikana ni ile Sanamu ya Uhuru ya New York, iliyozinduliwa mwaka 1886. Ngozi yake ni bati la shaba nyekundu la mm 2.4, na mifupa iliyoibeba ilikuwa ya chuma. Walijua hatari hiyo, wakaweka asbesto iliyolowekwa vanishi katikati ya metali hizo. Miaka ikapita, kizuizi kikachakaa, maji yakaingia, chuma kikavimba kwa kutu na kuzing'oa riveti za shaba zilizokishikilia. Katika ukarabati wa 1984 hadi 1986 vyuma hivyo vilibadilishwa vikawekwa visivyoshika kutu, na plastiki ya Teflon katikati.

Wewe una bomba moja dogo. Bomba la shaba ya njano si baya kwa tangi, mradi uweke washa ya mpira ndani na nje ili chuma na shaba visigusane, na ukuta uimarishwe kwa kiraka cha bati hilohilo cha sm 10 kwa 10 kilicholehemiwa kabla ya kutoboa. Liinue sm 5 kutoka kitakoni ili tope libaki chini. Unachotakiwa kukiepuka kabisa ni maji yanayopitia kwanza kwenye bomba au mfereji wa shaba nyekundu halafu yakaingia tangini; yanabeba shaba kidogo kidogo na kuiacha juu ya zinki, na kila ilipotua panaanza kushimbika.

Aluminiamu na zinki ni majirani, hazisumbuani sana, kwa hiyo kifuniko chako kinafaa. Bawaba yake ndiyo mahali pa riveti: za aluminiamu, mm 4, kwenye ukanda wa juu ambao maji hayafiki. Usijaribu kuilehemu aluminiamu kwa dawa ileile. Yenyewe inayeyuka kwenye nyuzi 660, lakini ganda lake la oksidi linahitaji zaidi ya 2,000, na lehemu itateleza juu ya ganda hilo bila kushika.

hewa_safi alijibu:

Nimekubali kwa upande wa maji. Hilo la kukata pembe kwenye mshono nalichukua, hata njia zetu za hewa zina nundu hiyo na huwa tunaijaza ute tu. Swali: kuvuja kwenyewe anapima vipi kabla ya kulipeleka mahali pake?

nyundo_ya_mbao alijibu:

Kausha nje kabisa, paka chokaa ya unga kwenye mshono wa kitako na wa ubavuni, kisha jaza maji kidogo kidogo: sm 10, subiri, nusu, subiri, halafu mpaka juu. Penye tundu chokaa inabadilika rangi kabla hata tone halijaonekana. Zungushia alama ya penseli, mwaga maji, kausha kwa kitambaa na moto mdogo, paka dawa upya na urudie kulehemu mahali hapo tu. Usilehemu penye unyevu. Maji yaliyomo ndani ya mkunjo yatageuka mvuke na kuisukuma lehemu nje. Likikaa usiku kucha limejaa na chokaa ikabaki nyeupe, mwaga maji hayo ya kwanza yote, suuza tena, ndipo uliunganishe na mfereji wa paa.

karakana_ndogo aliandika:

Nimeelewa. Karatasi naikata kesho, pembe kwanza. Nitaweka picha za mshono na za kitako kabla ya kulehemu ili mnikague.